Shajara ya gari la 1993: kuutafuta ugonjwa wa kwanza

Kilomita 287,410

Gari limefika jana jioni. Saluni ya mwaka 1993, petroli, silinda nne, lita 1.5, gia za mkono. Lina injekta na kompyuta ya injini, lakini moto wa plagi bado unagawiwa na distribyuta. Shemeji amelihangaikia miaka mitatu na sasa amechoka. Malalamiko yake nimeyaandika kama alivyoyasema: linachemsha usiku, linakula mafuta, linamisi (linakosa mpigo) likiwa limesimama, na ukishika breki linavuta kushoto.

Pamoja na ufunguo kanikabidhi mfuko wa vipuri vilivyokwisha kutolewa. Pampu ya maji, seti mbili za plagi, kifuniko cha distribyuta, injekta nne, feni ya rejeta. Rejeta yenyewe nayo ilibadilishwa. Nimevipanga mezani na kuvikagua kimoja kimoja. Pampu haina mtikisiko kwenye shafti wala alama ya kuvuja. Feni nimeiunga kwenye betri, ikazunguka vizuri. Yaani ukitazama meza hii unaona fedha nyingi iliyotumika kuondoa vitu vizima.

Neno lililonikaa ni "usiku". Nilimuuliza, "Usiku tu, shemeji?" Akasema mchana sindano ya joto inakaa katikati hata kwenye jua kali, lakini giza likiingia inapanda mpaka karibu na nyekundu. Mafundi waliomsikia walidhani amechanganya. Mimi nimeliandika mstari wa kwanza wa daftari. Usiku hewa ina baridi zaidi, injini ilipaswa kupata nafuu. Kama inazidi kuumwa, kuna kitu kinachotumika usiku ambacho mchana hakitumiki.

Sinunui kipuri chochote mpaka nipime.

Kilomita 287,412

Nimeanza na umeme, kwa sababu gari la umri huu likiwa na umeme mbovu vipimo vingine vyote vinakudanganya. Betri iliyolala usiku kucha inasoma volti 12.5, nzuri. Wakati wa kupiga stata inashuka hadi 10.4 na kusimama hapo. Ingeshuka chini ya 9.6 ningeitilia shaka. Injini ikiwaka, volti 14.2. Alteneta haina neno.

Kisha nimeiacha ipate moto, nikipima kwa kipimajoto cha miale kwenye shingo ya bomba la juu pale linapotoka kwenye injini. Ilichukua dakika 31 mpaka feni ikawaka. Nimeandika muda huo pembeni na kuuwekea alama ya kuuliza, maana injini ndogo kama hii haipaswi kuchukua nusu saa. Feni ilipowaka shingo ilisoma nyuzi 92, sindano ya dashibodi katikati.

Nikawasha taa kubwa. Sindano ikasogea juu upana wake mmoja. Nikaongeza kipeperushi cha ndani na waya wa kupasha kioo cha nyuma: sindano ikapanda hadi ukingo wa nyekundu. Nikarudi kwenye shingo ya bomba. Nyuzi 91. Nikazima taa, sindano ikarudi katikati papo hapo. Maji hayawezi kupata joto na kupoa kwa sekunde moja. Kinachopanda si joto.

Hapa nieleze kidogo, kwa sababu ndipo mzizi ulipo. Geji ya aina hii ina koili mbili ndani. Moja inapata ethi yake, yaani njia ya umeme kurudi kwenye nguzo hasi ya betri, kwenye bodi ya gari, nyingine inapitia kwenye sensa iliyofungwa kwenye chuma cha injini, na sindano inakaa kulingana na koili ipi inavuta zaidi. Bodi na injini zikiwa na ethi sawa, geji inasema kweli. Ethi ya bodi ikiwa mbovu, koili ya kwanza inadhoofika, ya sensa inashinda, na sindano inakwenda upande wa joto. Kadiri unavyowasha vitu vinavyorudisha umeme kupitia bodi, ndivyo uongo unavyokua.

Kipimo chake hakihitaji kufungua chochote. Mita kwenye volti za DC, ncha moja juu ya nguzo hasi ya betri, si kwenye kibanio bali kwenye risasi yenyewe, ncha nyingine kwenye chuma kitupu cha bodi:

taa zimezimwa, volti 0.08
taa kubwa, volti 0.61
kila kitu kimewashwa, volti 1.14

Hizo ni volti zinazopotea njiani. Kwenye waya mzima wenye mzigo huo natarajia 0.1, na 0.2 ndiyo mwisho wa uvumilivu wangu. Kutoka nguzo hasi hadi kwenye injini nimepata 0.03, kwa hiyo waya mnene wa ethi ya injini ni mzima na ndiyo maana stata haikuwahi kulalamika. Mgonjwa ni ule mwembamba unaoteremka kwenye bodi chini ya sahani ya betri.

Kwa macho ulionekana safi, kuna mtu aliupiga rangi. Nilipofungua bolti, chini ya kichwa cha waya kulikuwa na unga wa kijani. Nikachana ganda kwa kisu kidogo: nyuzi za shaba zimekuwa nyeusi kama masizi kwa urefu wa kidole, na zilizobaki zima hazifiki robo. Nimekwangua bodi mpaka chuma king'ae, nikaweka waya mpya wa milimita 16 za mraba, nikapaka grisi juu ya bolti baada ya kukaza. Kila kitu kikiwashwa sasa, volti 0.04. Sindano haisogei hata kidogo, na taa zimekuwa nyeupe.

Ethi mbovu isiachwe, hata kwa mtu asiyejali geji. Umeme uliokosa njia yake utatafuta nyingine, na kebo ya mafuta ama ya klachi ni chuma kinachounganisha bodi na injini.

Kilomita 287,470

Nimelipeleka barabara ndefu. Sasa geji inasema kweli, na kweli yenyewe ni hii: baada ya kilomita 15 kwa mwendo wa 90, sindano imeshuka karibu na alama ya baridi. Hewa ya joto ya ndani ni vuguvugu tu. Zile dakika 31 zikapata jibu kichwani kabla sijasimama.

Gari hili lina sensa mbili za joto la maji, na watu wengi huzichanganya. Moja, yenye waya mmoja, ni ya geji. Nyingine, yenye waya mbili, ni ya kompyuta. Nilisimama pembeni, nikaichomoa ya kompyuta haraka na kuipima: kiloomu 0.78. Sensa hizi ukinzani wake hupungua joto likipanda. Zilizo nyingi hutoa karibu kiloomu 2.5 kwenye nyuzi 20 na takriban 0.3 kwenye nyuzi 80. Hiyo 0.78 ni nyuzi 50 na kitu. Injini inakimbia barabarani ikiwa na nyuzi 50.

Nimefungua nyumba ya thamostati, vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Ndani mtupu. Imetolewa, gasketi ikarudishwa.

Nimempigia shemeji. Akakumbuka: miaka miwili iliyopita, baada ya rejeta mpya na pampu mpya kushindwa, fundi aliitoa "ili maji yazunguke vizuri". Namwelewa fundi huyo. Alikuwa na sindano inayopanda na mteja mwenye wasiwasi, na kutoa thamostati ni njia ya haraka ya kushusha joto. Lakini joto halikuwa limepanda. Alitibu ugonjwa ambao haukuwepo, na dawa yake ikazaa ugonjwa uliopo.

Kompyuta ikiambiwa injini ina baridi, inaongeza petroli, kama vile ambavyo zamani ungevuta choki, na kwa gari hili ilikuwa imevuta choki miaka miwili bila kuachia. Nimetoa plagi zote nne: nyeusi, kavu, masizi laini yanayobaki kwenye kidole. Kijiti cha oili kinanuka petroli, na kiwango kimevuka alama ya juu ingawa hakuna aliyeongeza. Petroli isiyoungua imekuwa ikioshea kuta za silinda na kuteremka kwenye oili. Ndipo ninapoelewa seti mbili za plagi na injekta nne za kwenye mfuko. Kila fundi aliona masizi, akabadilisha kilichokuwa na masizi.

Oili nimeimwaga usiku huohuo. Oili iliyochanganyika na petroli haishiki uzito wake na mimi siwashi injini juu yake hata kwa dakika tano.

Thamostati mpya nimeipima kabla ya kuifunga: sufuria ya maji jikoni, kipimajoto kikining'inia bila kugusa chini, thamostati imefungwa kwa uzi. Imeandikwa 82. Ilianza kupasuka mwanya mwembamba kwenye 82, na kwenye 95 ilikuwa imefunguka milimita 10. Nimeifunga kitundu chake cha kutolea hewa kikiwa juu. Maji ya zamani yalitoka na rangi ya kutu, maji matupu bila dawa. Nimesafisha mara tatu na kujaza mchanganyiko wa nusu kulenti (dawa ya maji ya rejeta) na nusu maji yaliyochujwa kwa mvuke. Kifuniko cha rejeta nacho ni kipya, cha baa 0.9. Ni kitu kidogo watu hukipuuza, lakini shinikizo hilo ndilo linalofanya hata maji matupu yasichemke mpaka karibu nyuzi 118 badala ya 100.

Dakika 9 kutoka baridi hadi sindano katikati. Barabarani inakaa palepale.

Kilomita 287,735

Ulaji mafuta: kutoka kilomita 7.6 kwa lita hadi 10.1. Plagi mpya zinaanza kupata rangi ya kahawia hafifu.

Kumisi kumebaki. Likiwa limesimama linatetemeka kwa mpigo mmoja unaorudiarudia. Ukikanyaga mafuta linatulia. Nimeweka waya kuunganisha pini mbili za soketi ya uchunguzi chini ya boneti ili taa ya injini ipepese namba za hitilafu. Magari ya miaka ile hayana tundu la OBD-II, la kuchomeka mashine ya kusoma hitilafu, ambalo Marekani lililazimishwa kuanzia magari ya 1996, na Ulaya kwa petroli mwaka 2001; haya husema kwa kupepesa, kila kampuni na mpangilio wake. Taa ilipepesa kwa mwendo sawa bila kukoma, maana yake hakuna hitilafu iliyohifadhiwa. Sikushangaa. Kompyuta hii huona nyaya na sensa, haioni chuma.

Nikachomoa soketi za injekta moja moja injini ikiunguruma. Ya 1, ya 2 na ya 4: kila ukichomoa, injini inalegea waziwazi. Ya 3: karibu hakuna tofauti. Nikahamisha plagi ya 3 kwenda 1, kisha waya wake, kisha injekta. Ugonjwa ulibaki palepale silinda ya 3. Hilo ndilo jaribio ninalolipenda kuliko yote. Halihitaji kifaa, linahitaji subira ya kuhamisha kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Geji ya vakyumu kwenye manifoldi: inchi 18 za zebaki, ila sindano inadunda kushuka inchi mbili kwa mpigo ulio sawa, kama saa. Mpira wa vakyumu unaovuja ungeishusha sindano na kuiacha chini. Mdundo wa kawaida kama huu ni vali.

Kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda), injini ikiwa moto, plagi zote nje, petroli na moto vimezimwa, pedali ya mafuta imekanyagwa hadi mwisho:

silinda 1: baa 12.2
silinda 2: baa 12.0
silinda 3: baa 9.1
silinda 4: baa 12.1

Nikatia kijiko kimoja cha oili kwenye silinda ya 3 na kupima tena: 9.3. Kama ringi za pistoni zingekuwa zimechoka, oili ingeziba na namba ingepanda sana. Haikupanda, kwa hiyo ringi zimesalimika na ile miaka miwili ya petroli, jambo lililonifurahisha kuliko nilivyotarajia. Nikaileta pistoni ya 3 juu kabisa, vali zote mbili zimefungwa, gia imewekwa na breki ya mkono imevutwa, nikaingiza hewa ya kompresa kupitia tundu la plagi. Nikatega sikio kwenye kijazio cha oili: kimya. Kwenye mdomo wa kuingizia hewa: kimya. Kwenye rejeta hakuna mapovu. Kwenye bomba la moshi: fsssss, mfululizo. Vali ya kutolea moshi.

Kabla ya kufikiria kushusha hedi (kichwa cha injini) nikapima mwanya wa vali, yaani nafasi kati ya vali na kinachoisukuma, kwa fila (mabamba membamba ya kupimia), injini ikiwa baridi kabisa. Kwa injini hii vali za moshi zinataka milimita 0.25 hadi 0.35. Za silinda nyingine zilikuwa kati ya 0.22 na 0.28. Silinda ya 3: bamba la 0.05 lilipita kwa kubanwa, la 0.08 lilikataa. Vali hiyo imezama kwenye kiti chake kidogo kidogo kwa miaka, na kila inapozama mwanya unapungua, mpaka chuma kikipanuka kwa joto haifungi tena sawasawa. Tatizo hili halipigi kelele. Mwanya uliozidi hugonga na kila mtu husikia. Mwanya uliokwisha hunyamaza, na vali isiyokaa kwenye kiti haina pa kutolea joto lake, inaungua.

Nimepima kishimu, kisahani cha chuma kinachopanga mwanya huo, kwa maikromita, nikakokotoa, nikaweka chembamba zaidi kupata 0.30. Hili halikuzaliwa na ethi wala thamostati, ni umri tu. Ila lilikuwa limejificha nyuma ya masizi ya plagi kiasi kwamba hakuna aliyelitafuta.

Kilomita 287,960

Kompresheni ya silinda ya 3 baada ya kilomita 200: baa 11.4. Sindano ya vakyumu imetulia kwenye 19. Vali ilikuwa haijaungua ukingo, tumeiwahi. Nitapima tena kwenye 290,000. Ikishuka, hedi inashuka nayo.

Kilomita 288,015

Breki. Nimeendesha kilomita 10 nikitumia breki kwa kawaida, nikapima diski za mbele: kulia nyuzi 61, kushoto 148. Nimeinua gari, nikakanyaga pedali na kuachia. Gurudumu la kushoto halizunguki kwa mkono.

Watu hapa hukimbilia kalipa, chuma chenye pistoni kinachobana diski. Nilifungua nipeli ya kalipa (skrubu ya kutolea hewa): mafuta ya breki yakaruka na gurudumu likaachia mara moja. Pistoni ingekuwa imeganda kwa kutu, kufungua nipeli kusingesaidia. Ni shinikizo lililonaswa. Nikaifunga, nikakanyaga na kuachia tena, safari hii nikalegeza nati ya juu, pale bomba la chuma linapokutana na mpira. Matone machache tu, gurudumu bado limebana. Basi kizuizi kiko kati ya pointi hizo mbili, na kati yake kuna mpira peke yake. Nimeupasua kwa urefu: utando wa ndani umechanika na kufanya ulimi, unaruhusu mafuta kwenda, unazuia kurudi.

Mipira yote miwili ya mbele ni mipya, mafuta ya breki mapya baada ya yale ya rangi ya chai. Leo nyuzi 63 na 60. Halivuti.

Nilipokuwa chini nimekagua bolijointi, ncha za usukani na beringi za magurudumu: zima, isipokuwa buti (mfuko wa mpira) ya shafti ya kulia iliyopasuka na kurusha grisi. Jointi yenyewe hailii nikikata kona mpaka mwisho, kwa hiyo nimeosha, nikaweka grisi na buti mpya.

Kilomita 288,540

Tangi zima la kwanza bila ugonjwa ninaoujua: kilomita 11.8 kwa lita. Betri haiishiwi umeme usiku. Mkondo gari likiwa limelala ni miliampea 38.

Shemeji alikuja jana baada ya magharibi, nikampa usukani. Akawasha taa na kutazama sindano muda mrefu kuliko alivyotazama barabara, mpaka nikamwomba atazame mbele.

Kilichobaki ni mkanda wa taimingi, unaoendesha vali zifuatane na pistoni. Hakuna rekodi ya lini ulibadilishwa, na katika mfuko wote ule wa vipuri haumo mkanda wa zamani. Nimefungua kifuniko cha juu: mgongo una nyufa nyembamba za kupita upande hadi upande, na meno mawili yamelika kwenye kona. Nimeagiza mkanda, roli ya kukazia na sili ya mbele ya krankishafti kwa pamoja. Mpaka vifike, ufunguo unakaa kwangu.